Abiria wa Gari Lililovutwa

Mimi ni mwalimu wa udereva hapa Mtwara, na kazi yangu ni kueleza mambo polepole mpaka mtu aelewe. Basi na hili nitalieleza hivyo hivyo. Sikuhadithiwa na mtu. Nilikuwa kwenye usukani mwenyewe, asubuhi, macho makavu, sina usingizi wala homa. Ukifika mwisho ukaamua kutoniamini sitakulaumu, ila nisikilize kwanza.

Nilikuwa na mwanafunzi aliyeitwa Bi Somoe, mama wa makamo, mpole lakini ana maneno. Wengi huja kujifunza gari kwa sababu wanatafuta kazi. Yeye alikuja kwa sababu ya pikapu ya marehemu kaka yake. Kaka huyo, Mfaume, ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki. Alikuwa mkulima wa korosho katika kijiji kimoja kule mto Ruvuma unakokaribia bahari. Kijiji chenyewe sitakitaja, kina watu wema na sitaki wanyooshewe vidole. Msimu mmoja wa kupuliza salfa, ile dawa ya unga uliopauka ya mikorosho, Mfaume alianguka shambani, akafa siku hiyo hiyo. Somoe alikuwa mjini. Alipofika alikuta kaburi limeshafukiwa.

"Sikumuaga, mwalimu," aliniambia siku ya kwanza kabisa, hata klachi alikuwa bado hajaijua iko wapi. Nilielewa kwamba mama huyu hakuja kujifunza gari tu.

Pikapu ilibaki ubavuni mwa nyumba ya marehemu, betri imetolewa, majani yameota mpaka kwenye bampa. Somoe alipokaribia kupata leseni aliniomba tuivute mpaka kwa fundi mjini. Nina gari langu la juu, la otomatiki, lina nguvu. Nikakubali. Tukalala kijijini ili tuondoke alfajiri, jua lisitukute kwenye mchanga.

Hapa niruhusu nieleze kidogo, maana usipoelewa hili hutaelewa yaliyofuata. Gari likivutwa kwa kamba, lazima mtu akae kwenye lile la nyuma. Ndiye anayeshika usukani, na ndiye anayekanyaga breki ili kamba isilegee akaparamia gari la mbele. Na kwa kuwa injini imezimwa, breki huwa ngumu, panahitajika mtu mtulivu. Pikapu haikuwa na honi wala taa, kwa hiyo nilimpigia Bi Somoe simu, nikamwambia aiweke pajani, sauti juu, asiikate mpaka tufike. Namna hiyo tungesikilizana njia nzima.

"Na usipakie mtu," nikamwambia. "Gari la kuvutwa halibebi abiria."

"Nani atapanda kitu hiki? Hata kuku wamekihama."

Nikaanza kumweleza tena habari za breki. Akanikatiza. "Mwalimu, ukiendelea kufundisha, korosho zitaiva tuko hapa hapa."

Tukaondoka. Kama hujawahi kupita kwenye mikorosho alfajiri ya msimu wa salfa, sijui nikufananishie na nini. Watu hupuliza wakati huo kwa sababu umande bado uko kwenye majani, unga unashika, na upepo haujaamka. Ukungu wa mtoni umeingia, na unga wa salfa umepanda juu yake, vyote viwili vinaelea katikati ya matawi bila haraka. Huoni shina linaanzia wapi. Unasikia mashine za kupulizia zinanguruma, moja karibu, nyingine mbali, lakini mwenye mashine humwoni. Mwanga wenyewe ulikuwa wa manjano hafifu. Nilikuwa naendesha mwendo wa mtu anayetembea, na ilikuwa kana kwamba mikorosho ndiyo inayotembea na mimi nimetulia.

Kwenye bonde moja nikamwona mtu amesimama kando ya barabara. Alikuwa mweupe kwa salfa kuanzia utosini mpaka vidole vya miguu. Mashine ilikuwa mgongoni, imezimwa. Wapulizaji wote hufunga kitambaa puani, salfa inawasha vibaya mno. Huyu hakufunga kitu, na macho yake aliyaacha wazi, hapepesi. Hakunitazama mimi. Alitazama pikapu.

Nikampita. Mara nikasikia kwenye simu mlango wa pikapu unafungwa, taratibu, kama mtu asiyetaka kuamsha watoto. Nikatupa jicho kwenye kioo cha kati. Nyuma ya kioo cha pikapu kulikuwa na vichwa viwili.

Nini kingekujia akilini? Mimi nilikasirika tu. Nikadhani kampa lifti jirani.

"Bi Somoe, tumekubaliana nini?"

Nikasikia anavuta pumzi.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ndogo sana, "usisimame."

Kabla sijajibu, gari langu likakanyaga kisiki kilichofunikwa na mchanga. Chini pakagonga. Hatua chache mbele injini ikapandisha sauti bila gari kuongeza mwendo, na taa ya onyo ikawaka. Kwenye kona nikachungulia kioo cha pembeni, nikaona mstari mwekundu juu ya mchanga mweupe, unatufuata.

Oili ya giaboksi ya otomatiki ni nyekundu. Kuna bomba jembamba linaloipeleka mbele ikapoe na kuirudisha. Bomba hilo likipasuka, oili yote inaweza kumwagika kwa muda mfupi. Na oili ile si ya kulainisha tu. Ndiyo inayobeba nguvu ya injini kuipeleka kwenye magurudumu, na ndiyo inayozibana sahani za ndani zishike gia. Ikiisha, sahani zinateleza, zinasagana, zinaungua. Ukiwa unavuta mzigo nyuma, joto linakuwa kubwa zaidi. Wanafunzi wangu wote nawaambia neno moja: ukiona wekundu chini, simama hapo hapo, zima injini, usiseme nitajikongoja mpaka lami.

Nikatoa mguu kwenye mafuta. Pikapu ikapunguza mwendo nyuma yangu, na kwenye kioo nikaona mlango wa upande wa abiria unafunguka. Mkono mweupe ulikuwa umeushika.

"Mwalimu, nakuomba. Ukisimama anashuka."

"Nani anashuka?"

"Kaka."

Jioni iliyopita nilikuwa nimesimama na Somoe kwenye kaburi la Mfaume, akisoma dua. Nililiona kwa macho yangu, limeota nyasi. Kila mtu wa huku amesikia habari za misukule, watu wanaochukuliwa kwa uchawi, tukazika kitu kingine tukidhani ni wao, kumbe wako mashambani wanatumikishwa. Nilikuwa nasikia, sikuwa nakataa wala kukubali. Asubuhi ile nilikubali.

Nikakanyaga mafuta tena. Mlango ukarudi.

"Ongea naye," nikasema. "Mimi naendesha."

Na alipoanza kuongea, Mungu ni shahidi, hakuongea kama mtu aliyeona maiti. Aliongea kama dada aliyepanda gari na kaka yake kwenda mjini.

"Mwanangu Zainabu amejifungua. Wa kiume, tumempa jina lako, ana masikio yako makubwa vilevile. Paa la jikoni tumelibadilisha. Na mimi huyu unaniona, najifunza gari. Wewe si ulisema hata baiskeli siiwezi? Haya, tazama."

Hakukuwa na sauti ya kumjibu. Wanasema misukule hawana ulimi. Lakini nilisikia kidole kinagonga bati la mlango, mara moja, polepole, kila Somoe alipomaliza jambo. Na mara moja nikasikia kikohozi kikavu cha mtu aliyejaa unga kifuani.

Gari langu lilikuwa linakufa, nilijua. Injini ilipiga kelele, magurudumu yakivuta kidogo, yakiachia, yakivuta tena. Harufu ya kuungua ikaingia ndani. Kwa ninavyoyajua magari, lilipaswa kusimama bondeni kule kule. Halikusimama. Lilikuwa linaelea kwenye ule weupe kama kitu kinachosukumwa na maji, na mimi nikawa nalisemesha kama mwanafunzi mwoga: vizuri, hivyo hivyo, kidogo tena.

"Mwalimu, gari lako linaungua. Hapa kwenye kioo changu pana matone mekundu."

"Najua. Endelea kuongea."

Sauti yake ikashuka. "Sikukuwahi, kaka. Basi liliharibika njiani. Nilikaa kando ya barabara nalia kama mtoto. Usidhani sikuja. Nilikuja."

Kidole kikagonga. Kikagonga tena.

Mikorosho ikaanza kupungua, ukungu ukawa mwepesi, mbele nikaona weusi wa lami. Nikafurahi kijinga. Nikasema moyoni, tukifika lami tutamfikisha nyumbani.

"Mwalimu, anaangalia nyuma," Somoe akasema. "Anatetemeka, mashamba yanamvuta. Simama sasa, asije akaruka akaumia."

"Lami ile pale, Bi Somoe."

"Naiona. Simama."

Alikanyaga breki yeye mwenyewe, taratibu, kamba ikiwa imekaza, kama nilivyomfundisha. Nikazima injini. Mlango ukafunguka. Nilimtazama kaka yake kwenye kioo akishuka na kurudi tulikotoka, akiufuata ule mstari mwekundu, mpaka weupe wake ukaingia kwenye weupe wa mashamba. Mashine zilikuwa bado zinanguruma huko ndani.

Nilipofika kwenye pikapu Somoe alikuwa bado ameshika usukani kwa mikono miwili. Kiti cha pembeni kilikuwa na salfa, umbo la mgongo na mapaja limekaa vizuri, na vioo vyote vilikuwa vimepandishwa.

"Nimemuaga," akasema. Ndipo akalia.

Lori la mihogo lilituvuta mpaka mjini. Fundi wangu wa mtaa wa Rahaleo alibadilisha bomba, akajaza oili mpya, akaniambia ukweli ninaowaambia na wengine: giaboksi iliyokaushwa ghafla inaweza kuumia na isionyeshe leo. Itazame ikichelewa kushika gia, ikiteleza ikipata joto, ikitikisika. Aliponiuliza niliendesha umbali gani na nikamtajia, alicheka. "Mwalimu, ungeniambia umelibeba kichwani ningeamini upesi zaidi."

Mpaka leo gari linatembea. Ila asubuhi zenye ukungu linakuwa zito, linavuta kama lina kitu nyuma. Fundi amelifungua, hakuona kasoro. Mimi natazama kioo, sioni kitu, naendelea.

Kwa hiyo ukiona wekundu chini ya gari lako, ndugu yangu, simama, zima, ita msaada. Ushauri huo haujabadilika kwa ajili ya yaliyonikuta.

Lakini lipo la pili. Bi Somoe alipata leseni, na pikapu ilipona. Kila msimu wa salfa huenda nayo kule, alfajiri, peke yake, mwendo wa mtu anayetembea, mlango wa abiria haujatiwa loki. Sijamuuliza kama anampata. Ukikutana naye kwenye mikorosho, usimpungie mkono akupe lifti, usimpigie honi apishe, usimwulize njia. Panda wewe kwenye majani umwachie barabara, na ukiona kuna mtu mweupe pembeni yake, inamisha macho. Kwa lolote lile, usimsimamishe.