Hodi ya Mlinzi Wetu

Tangu watuteke humu ofisini, huyu aliyewekwa kutulinda hajaingia hata mara moja bila kupiga hodi. Mlango kaufunga yeye na ufunguo anao yeye, lakini atagonga kwa kucha, atakohoa, kisha atasimama nje na ndoo yetu ya maji mpaka mtu aitikie. Mwanzoni tulimnunia, tukawa tunamsikia akibadilisha mkono kwa uzito wa ndoo. Mama mfagizi ndiye aliyeshindwa kuvumilia. "Karibu, mwanangu," akasema, na tangu siku hiyo huingia ameinama, bunduki kaibana kwapani kama mwavuli, na hutoka akiaga.

Leo asubuhi alipogonga hatukusikia ndoo ikitua. Muda mfupi kabla, tulimsikia mkubwa wao akiwakatia polisi simu kwa hasira.

"Hodi," alisema toka nje. "Nimetumwa nimtoe mmoja wenu."

Sote tulijua atakayetolewa hatarudi. Mama mfagizi alijibu bila kuinuka alipoketi.

"Leo hatukukaribishi, mwanangu."

Alisimama pale kitambo. Ufunguo haukugusa kitasa. Kisha viatu vyake vilirudi vilikotoka, tukamsikia akimwambia mkubwa wake, "Wamekataa kunikaribisha."

Mkubwa akaomba aletewe simu awapigie polisi tena.