Kadi ya Mjomba

Mjomba wangu alizikwa Kinole, kwenye ardhi ya ukoo wetu, siku ambayo ukungu haukuondoka mlimani mpaka mchana. Ndiye aliyenilea baada ya mama, dada yake, kufariki. Kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo hakuna aliyeona kwamba amefanya jambo kubwa. Mimi ndiye niliyeliona, tena kwa kuchelewa.

Kazi yake ya maisha ilikuwa kwenye uwanja wa gofu ulio chini ya mlima, pale Morogoro mjini. Alianza kwa kubeba mifuko ya fimbo za wachezaji, akaishia kutunza mchanga. Niueleze huo mchanga, maana wengi hawaujui. Siku hizo mashimo ya uwanja ule hayakuzungukwa na majani mafupi kama yale ya kwenye televisheni. Kila shimo lilikuwa katikati ya duara la mchanga uliochanganywa na mafuta machafu ya magari, ili upepo usiupeperushe. Mjomba aliuchanganya kwa koleo, akautandaza, akausawazisha kwa ubao wenye mpini mrefu. Kundi la wachezaji likipita, anafuta nyayo. Likipita jingine, anafuta tena. Jioni alirudi nyumbani Bigwa ananuka gereji, na shuka zake zilinuka vivyo hivyo hata zikifuliwa.

Alicheza pia. Wabeba mifuko waliachiwa uwanja Jumatatu, siku ambayo wanachama hawaji, wakacheza kwa fimbo zilizovunjika na kuungwa. Mjomba alikuwa akiwashinda, na wao walilijua hilo bila yeye kulisema.

Ukutani kwake palikuwa na ukurasa uliochanwa kwenye gazeti la zamani. Alipewa na Mzungu mmoja mzee wa shamba la mkonge, siku anafungasha kurudi kwao. Ulikuwa na picha ya wanaume wa Marekani, ya miaka ya mwanzo mwanzo ya karne iliyopita, wamevaa kofia bapa na vizibao, wamesimama mistari miwili. Yule Mzungu alimweleza, na Mjomba akatueleza sisi mara nyingi. Hao walikuwa wachezaji wa kulipwa. Wengi wao walianza kwa kubeba mifuko. Waliwafundisha matajiri na kuwatengenezea fimbo, lakini kwenye jengo la klabu waliingilia mlango wa nyuma. Kisha yakaanzishwa mashindano yao wenyewe, wakicheza wawili wawili, anayeshindwa anakwenda kufungasha, mpaka wakabaki wawili ambao walicheza kutwa nzima.

Mgeni akija, Mjomba hakumwonyesha mshindi. Aliweka kidole kwa mtu mmoja wa mstari wa mbele. "Huyu alishindwa kwa shimo moja tu."

"Sasa mbona kila siku unamsifia aliyeshindwa?" mke wake alimuuliza.

"Simsifii. Naangalia alivyosimama."

Ikaja miaka ya ruksa, ya soko huria. Kiwanda cha Kihonda nilichokuwa nashona magunia kikauzwa, tukapewa barua, nikarudi Bigwa na elimu yangu ya darasa la saba. Kule uwanjani nako mambo yakabadilika. Wanachama wengi walikuwa wakubwa wa mashirika ya umma. Mashirika yalipokufa, nao hawakuonekana tena. Wakaja wafanyabiashara. Mwenyekiti mpya akasema klabu inahitaji mwalimu wa gofu wa kuajiriwa, na atapatikana miongoni mwa wabeba mifuko na watunza uwanja kwa mashindano ya siku moja. Atakayeshinda atapewa ajira ya kudumu, sare, na ruhusa ya kuingilia mbele kama wanachama.

"Mlango wa mbele," Mjomba alimwambia mke wake jioni ile.

"Kwani wa nyuma una nini? Si ndio ulio karibu na jiko?"

Mjomba alicheka, lakini usiku huo alizipiga msasa fimbo zake zote.

Macho yake yalikuwa yanaona mpira ulioanguka mbali kuliko mtu yeyote, ila kitu cha karibu kilimshinda. Maandishi aliyaona kama siafu. Kila mchezaji aliruhusiwa kuja na mtu wa kumwandikia kadi, yaani karatasi ya kujaza idadi ya mapigo kwa kila shimo.

"Utaniandikia wewe," akaniambia. "Wewe una la saba."

Asubuhi ya mashindano katibu wa klabu alitusomea sheria. Mchezaji akisaini kadi yenye mapigo machache kuliko aliyopiga, anatolewa, hata kama kosa si lake. Nilimsikia vizuri. Naandika hivi ili asije mtu akanitetea.

Mjomba alipangwa kucheza na mbeba mifuko mmoja mrefu wa Kihonda, mwanamume wa miaka thelathini hivi, aliyecheza vizuri karibu kama yeye.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Leo ukipiga usije ukasahau kufagia."

"Nitakufagia wewe kwanza."

Walizunguka mashimo tisa mara mbili. Jua lilikuwa kali, na mimi nilitembea nyuma ya Mjomba na penseli yangu, naandika, naandika. Sikujua mwenzake ana ngapi.

Kwenye ule mchanga kulikuwa na sheria yake. Kabla ya kupiga mpira kuelekea shimoni, unaruhusiwa kusawazisha njia mara moja tu. Ukikosa, unapiga tena juu ya nyayo zilizopo, hata zikiwa zako; ukizifuta, unaongezewa mapigo mawili. Tukafika shimo la saba, mzunguko wa pili. Yule wa Kihonda akamaliza, yeye na mwandishi wake wakatangulia kwenda shimo la nane. Mjomba akasawazisha njia, akapiga, mpira ukapita kando ya shimo kidogo. Akausogelea, akaona nyayo zake mwenyewe zimechafua mchanga, akachukua ubao akazifuta. Alizifuta taratibu, kwa mviringo, kama alivyofanya kila siku ya maisha yake. Kisha akapiga, mpira ukaingia, ndipo akasimama akautazama ule ubao mkononi.

"Nimefuta," akasema.

"Nani kaona?"

"Andika sita. Nne, na mbili za adhabu."

Akageuka kuuokota mpira. Mimi nikafikiria ile barua ya kiwandani. Nikafikiria na mlango wa mbele. Nikaandika nne.

Kwenye shimo la mwisho yule wa Kihonda aliuingiza mpira mferejini mara mbili. Mjomba alimaliza bila tabu. Nikampa kadi, akaishika mbali na macho, akatabasamu kwa sababu haoni kitu.

"Zote zipo?"

"Zipo, Mjomba."

Akasaini.

Matokeo yalisomwa kwenye baraza la klabu, wanachama wamekaa, wabeba mifuko wamesimama chini kwenye majani. Katibu alisoma kadi ya Mjomba shimo kwa shimo. Alipofika mzunguko wa pili akasema, "Shimo la saba, nne."

"Sita, bwana katibu," Mjomba akasema kutoka nyuma.

Katibu akaitazama kadi. "Hapa ni nne, mzee. Na umesaini."

"Nimesaini. Lakini nilipiga sita."

Mwanachama mmoja akasema, "Mzee, nyamaza basi, umeshinda." Watu wakacheka. Mjomba hakucheka. Katibu akachukua kalamu, akajumlisha, akajumlisha tena. Kadi ilisema themanini na moja. Kwa ukweli wake ilikuwa themanini na tatu. Yule wa Kihonda alikuwa na themanini na nne. Katibu aliyasema hayo kwa sauti ya chini, kama mtu anayejuta kujua hesabu. Kama ningeandika sita, Mjomba angeshinda.

Sheria ikabaki sheria. Yule wa Kihonda akapewa kazi. Alikuja kumwamkia Mjomba, hakuweza hata kumtazama.

"Mzee, mimi sikutaka iwe hivi."

"Kafundishe vizuri," Mjomba akamwambia.

Tulirudi Bigwa kwa miguu. Karibu na nyumbani ndipo aliponiuliza.

"Kwani hukunisikia pale?"

"Sikusikia, Mjomba."

"Basi. Upepo wa mlimani huchukua maneno."

Siku ile hapakuwa na upepo. Moshi wa mashamba uliokuwa ukipanda milimani ulisimama wima.

Hakuniuliza tena. Aliendelea na mchanga wake, akiingilia nyuma, mpaka walipopanda majani kwenye mashimo yote na kumwambia apumzike. Wageni walipokuja akawaonyesha picha, mimi niliondoka kwenda jikoni. Nilikuwa na miaka mingi ya kumwambia. Hata alipougua akalala kitandani, namnywesha uji kwa kijiko, mara kadhaa nilifungua mdomo, nikaishia kumuuliza kama sukari inatosha.

Kwetu, msibani mtani wa ukoo ana ruhusa ya kusema lolote. Anamkejeli marehemu na sisi wafiwa, ili tusizame kwenye kilio. Mtani wetu siku ile alikuwa mzee mmoja mwembamba. Alivaa kofia ya Mjomba, akachukua ule ubao wa mpini mrefu, ulioletwa kutoka nyumbani kwake, akaanza kuusawazisha udongo uliorundikwa kando ya kaburi. Watu walicheka huku machozi yanawatoka.

"Huyu mnayemzika," akasema, "aliletewa kazi mkononi akaikimbia. Mtu mzima na ndevu zake hajui tofauti ya nne na sita! Au ni nyie wapwa zake mlimwandikia?"

Alisema kwa mzaha tu. Hakujua lolote.

"Ni mimi," nikasema.

Kicheko kiliendelea kidogo.

"Alisema sita. Nilimsikia. Nikaandika nne."

Mke wa Mjomba alikuwa amekaa kwenye mkeka. Hakuinua uso. Katekista alikuwa ameshafungua kitabu chake, akakifunga akiwa ameacha kidole katikati. Mtani akavua kofia, halafu akaivaa tena, kwa sababu kazi yake ilikuwa haijaisha.

"Haya," akasema. "Udongo kila mtu anatupa mara moja. Wewe utatupa mara tatu. Moja yako, na mbili za adhabu."

Mtu mmoja alianza kucheka akaacha.

Nikainama, nikachota, nikatupa. Nikachota tena. Udongo wa Kinole ni mwekundu na siku ile ulikuwa na maji, ukaning'ang'ania kwenye vidole, na mara ya tatu ilibidi niukung'ute kwa mkono wa pili ndipo ukaanguka.