Kiwanja Nilichomtengenezea Mdogo Wangu

Shule mimi niliishia darasa la nne, na hilo silifichi. Lakini fika Laela, ulizia mashine kubwa ya kusaga na kukoboa, utaletwa mpaka mlangoni kwangu. Malori mawili ni yangu. Nyumba ya bati za msauzi ile pale kilimani ni yangu, na yote yametoka kwenye mgongo huu uliobeba magunia ya wengine. Nayasema mapema ili ujue kwamba mimi si mtu wa kusifu watu hovyo. Katika ukoo wetu aliyenizidi ni mmoja tu, naye ni mwanamke. Ni kitinda mimba wa mama yetu, na kazi inayomlisha ni kupiga kimpira kidogo kwa fimbo ya chuma.

Alipomaliza darasa la saba alikwenda Morogoro kwa shangazi yetu, ambaye mumewe alikuwa mkata majani katika kiwanja cha gofu. Akapata kazi ya ukedi, yaani kuwabebea wakubwa mifuko yao ya fimbo. Alibeba huku anaangalia. Wakubwa wakiondoka, anapiga kwa fimbo mbovu iliyofungwa waya. Baada ya miaka akawa anawashinda wale wale aliowabebea. Akacheza ridhaa, kisha akaingia kwenye wachezaji wa kulipwa, ambako wanawake ni wachache mno, hata mara nyingi anajikuta peke yake katikati ya wanaume. Miaka ile watu wakiniuliza mdogo wako anafanya nini, nilisema yuko ofisini. Nilikuwa sijui pa kuanzia kueleza.

Basi, mwaka juzi mwezi wa tatu, mvua zikiwa bado nzito, akashuka na mfuko wake kutoka basi la Mbeya. Suruali, kofia, viatu vya kung'aa. Lakini aliponiona alichuchumaa pale pale stendi kwenye tope, akakunja viganja na kunipigia makofi, kama sisi Wafipa tunavyomsalimu mkubwa. Wapiga debe wakageuka kutazama. Nilijisikia mfalme.

Nyumbani ndipo akaniambia shida yake. Anakwenda kwenye mashindano Zambia. Kwa miaka miwili amekuwa akishindwa, na kampuni inayomgharamia safari imechoka.

"Nisipoingia kumi bora safari hii, kaka, basi. Nitarudi kufundisha watoto wa wanachama wa klabu."

Alikuwa na wiki tatu, na alichoomba ni sehemu yoyote yenye nyasi fupi ya kufanyia mazoezi.

"Sehemu?" nikamwambia. "Mimi ni wa kukupa sehemu? Nitakutengenezea kiwanja."

Nina eka sita nyuma ya mashine, zilikuwa zimelala, nyasi zimefika kiunoni. Nikaita kundi la akina mama wanaolima vibarua, nikawaambia wafyeke zote, zilale chini kabisa, nataka nikirudi nikute kiwanja. Kisha nikateremka Ilemba na lori kuchukua mpunga. Barabara iliharibika, nikakaa siku nne.

Niliporudi nilitaka kulia. Nyasi zilifyekwa kweli, lakini juu yake akina mama wale walikuwa wamefunika udongo, wakatengeneza ntumba, yale matuta yetu ya mviringo, eka nzima nzima, moja baada ya jingine kama mikate iliyopangwa. Mfipa gani atafyeka nyasi za masika halafu aziache zikauke bure juani, badala ya kuzifukia ziwe mbolea? Hata mama yangu angefanya vile vile. Nikawafokea. Kiongozi wao, mama mtu mzima anayenifahamu tangu napenga kamasi, akaniangalia tu, akasema matuta mazuri kama yale hajawahi kumlimia mtu, na kama sitaki maharage niseme, atapanda yeye.

Wakati nafoka, mdogo wangu alikuwa amekwisha kuingia shambani. Alikanyaga tuta kwa mguu mmoja, mwingine ukabaki chini mferejini. Akaweka mpira ubavuni mwa tuta, akautazama kwa muda mrefu.

"Kaka, waache," akasema. "Kule Zambia kiwanja ni vilima vitupu. Mimi naangushwa na vilima. Kwenye tambarare hanipati mtu."

Kumbe ndiyo ilikuwa siri ya miaka miwili.

Tangu siku hiyo alfajiri anaingia kwenye matuta, mchana anatoka na tope mpaka magotini. Anapiga kuelekea malishoni, na akina mama wanamwokotea mipira huku wakimtania kwamba yai la kanga limemkosea nini. Viganja vilichubuka, akavifunga kitambaa, akaendelea. Nimeona wanaume wakibeba magunia kwa mashindano, sijaona mtu wa namna ile. Mimi nilikaa kwenye kiti na mwavuli, nikimwelekeza. Siku ya tatu akaniambia kwa adabu kwamba katika mchezo huu mtu akitaka kupiga, wengine hunyamaza.

Zambia nilimpeleka mwenyewe kwa gari langu, tukavukia Tunduma. Siku tatu za mashindano zilikuwa adhabu. Watu wanatembea nyuma ya wachezaji kama kwenye maziko, na kijana mmoja anainua kibao cha kutaka kimya. Mimi, ambaye nikipiga simu Laela nzima inasikia, nilitembea siku tatu nimefumba mdomo.

Shimo la mwisho, siku ya mwisho, mpira wake ukasimama ubavuni mwa kilima kidogo, karibu na shimo lakini pabaya kweli. Mtanzania mmoja aliyekuwa kando yangu akaninong'oneza hesabu: akimaliza kwa mapigo mawili, yumo kwenye kumi. Yakiwa matatu, ametoka.

Akapanda. Mguu mmoja juu, mmoja chini. Nikaona shamba langu. Akapiga, mpira ukaenda juu, ukaanguka taratibu, ukaviringika, ukasimama umbali wa mpini wa jembe kutoka shimoni. Akaenda, akausukuma ndani.

Watu wakapiga makofi. Akaja moja kwa moja kwenye kamba ya kuzuia watazamaji, pale niliposimama, jasho linamtiririka.

"Haya kaka," akasema. "Sasa sema."

Jamani, nilitafuta neno. Mimi nikakosa neno. Nikachuchumaa pale pale na suti yangu, nikakunja viganja, nikaanza kumpigia makofi yale ya mkubwa.

"Kaka, inuka bwana, watu wanaangalia."

Nikamaliza kwanza kupiga.