Mama Bembea na Makufuli Mawili

Kitu cha kwanza ambacho mtu hukiona kwa Hilaria ni mkono wake wa kushoto. Mtoto yeyote akipanda juu ya kitu chochote, iwe benchi la kanisani, ukingo wa mfereji au gunia la sokoni, mkono huo huondoka wenyewe na kumkinga mgongoni. Mara nyingi mwenye mkono hana habari. Anaendelea kubishana bei ya nyanya huku kiganja chake kikimzuia asianguke mtoto wa watu ambaye hata jina lake halijui. Mama wa mtoto akigeuka na kushangaa, mtu wa Babati aliye karibu humtoa wasiwasi.

"Mwache tu. Huyo ni Mama Bembea."

Majirani zake wa Maisaka humwita Mama Frida, kwa jina la binti yake wa kwanza. Lakini ukivuka barabara kuu kuelekea Bagara au Singe, jina hilo hupotea. Vijana wa bodaboda wenye ndevu humpungia mkono wakipaza sauti, "Shikamoo, Mama Bembea!" naye hujibu "Marahaba, mwanangu," akijaribu kukumbuka kijana yule alikuwa akipenda kupanda mnyama gani.

Kazi iliyompa jina hilo aliipata bila kuitafuta. Siku hiyo alikuwa amebeba mbaazi kichwani akipita Singe kwenda sokoni. Mzee Melkiori, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, alikuwa amekodi kiwanja pale ili afungue bustani ya michezo, ya kwanza ya aina yake katika mji mzima. Kulikuwa na treni ndogo ya watoto, mashua ya kubembea, na katikati kabisa bembea kubwa la kuzunguka lenye wanyama wa chuma: twiga, pundamilia, ng'ombe mwenye pembe ndefu, na kiboko mnene kama wale wa ziwani. Mafundi walikuwa wamemfunga twiga gunia la mahindi mgongoni, wakalizungusha bembea ili kulijaribu.

"Gunia halikulalamika," alisema Mzee Melkiori. "Ila gunia halina mdomo. Nataka kitu chenye mdomo."

Mafundi wakatazamana. Kila mmoja akakumbuka kuwa ana watoto nyumbani.

"Mimi mdomo ninao," ilisikika sauti kutoka kwenye ua. "Nishikieni mbaazi zangu."

Hilaria akapanda juu ya ng'ombe. Bembea lilipoanza kuzunguka kilemba kilimdondoka, na alicheka hadi mwenye mali akaogopa, akadhani analia, akataka kuzima mashine.

"Usizime, mzee! Usizime!" alipiga kelele. "Zungusha tena!"

Alikuwa mwanamke mzima, mke wa mtu na mama wa watoto. Utotoni mwake, kule nyanda za juu za Mbulu, alichunga ndama, akateka maji, akalea wadogo zake. Hakumbuki siku aliyocheza bila kuwa na mtoto mgongoni. Mchezo ulimfikia siku ile, akiwa na mbaazi za kuuza. Mzee Melkiori alimpa kazi jioni ileile, na tangu hapo, katika sala zake, Hilaria humtaja mzee huyo kabla ya kuwataja ndugu zake wa damu.

Kwa miaka mingi alisimama kando ya bembea, akiwapandisha watoto, akiamua ugomvi wa nani ampande kiboko, akiwafuta machozi waliotaka kushuka na wale waliokataa kushuka. Wengine walitoka mbali, Hanang na Mbulu, wakaletwa na wazazi wao siku za sikukuu wakiwa na nguo mpya. Frida alisoma kwa kazi hiyo, na nyumba ya Maisaka ikapata bati. Hilaria hakuwahi kuyaona hayo kama haki yake. Aliyaona kama zawadi, na alisema hivyo kwa mtu yeyote aliyekuwa na muda wa kumsikiliza.

Kisha mkataba wa kiwanja ukafika mwisho. Mwenye kiwanja alikuwa Mzee Gidamanyega, mfugaji aliyehamia Singe kutoka tambarare za Hanang akiwa na ng'ombe wake na watoto wake. Alitaka ardhi yake arudishiwe ili wanawe wajenge. Hilo halikuwa na ubishi, na bustani ikafungwa. Ubishi ulianza Mzee Melkiori alipokuja na lori kuchukua michezo yake.

Treni aliichukua bila maneno, kwa kuwa ilikaa juu ya ardhi tu. Alipofika kwenye mashua na bembea, akamkuta Mzee Gidamanyega amesimama mbele yake na fimbo.

"Hivi vimechimbiwa," alisema mzee. "Vina mizizi ya zege. Mti ulio kwenye ardhi yangu ni wangu."

"Mzee, mti huota! Hili wewe uliliona likiota?"

"Sikuliona likiota. Nililiona likikaa. Limekaa kwangu muda mrefu kuliko baadhi ya wanangu."

Waliupeleka ugomvi huo kwenye baraza la kata. Wajumbe waliusoma mkataba mwanzo hadi mwisho, wakakuta unataja kiwanja, ua na choo, lakini hautaji mashine hata moja. Wakawaambia wazee hao waende wakaelewane. Mzee Melkiori akaelewana na duka lake mwenyewe: alichukua kufuli kubwa, akafunga geti.

Hapo ndipo Hilaria alipokosea. Aliona mvua zinakuja, akawaza jinsi chuma kitakavyoota kutu, akaomba ufunguo kwa Mzee Melkiori na kuingia na kopo la grisi. Nehemia, mwana wa Mzee Gidamanyega, alipita akamkuta amelala chali chini ya bembea, miguu ikionekana nje. Mtu akiwa chini ya mashine namna hiyo, nani angedhani anaitunza? Nehemia alikimbia kumwambia baba yake kwamba Melkiori ametuma mtu kufungua nati. Kabla ya chakula cha mchana, kufuli la pili lilikuwa getini, kubwa kuliko la kwanza.

Sasa hakuna aliyeweza kuingia bila mwenzake, na hakuna aliyetaka kumwona mwenzake. Mvua zikanyesha. Majani yakapanda hadi kwenye matumbo ya wanyama. Mashua, iliyokuwa imepasuka siku Mzee Melkiori alipojaribu kuing'oa kwa lori, ilioza kiasi kwamba wazee wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, walikubali wanunuzi wa vyuma chakavu waikate na kuibeba. Hilaria alisimama nje ya ua akitazama cheche za kukatia chuma. Mmoja wa wanunuzi alimaliza kazi, akalitazama bembea na kuligonga kwa nyundo, kama mtu anayechagua tikiti maji.

"Hili nalo tutalirudia," alisema.

Usiku huo Hilaria hakula. Asubuhi mumewe, Paskasi, alimwuliza kama anaumwa.

"Watalikata, Baba Frida."

"Ni chuma, mama."

"Najua ni chuma. Nimekisafisha miaka yote hii, nisijue ni chuma?"

Paskasi akamtengea chai. Hilaria alipoimaliza, alijifunga khanga, akaenda kwanza kwa Mzee Gidamanyega, kwa kuwa yeye ndiye aliyekosewa. Alimwamkia, akauliza habari za ng'ombe kabla ya jambo lingine lolote, akaomba radhi kwa kuingia kwenye eneo lake bila kubisha hodi. Kisha akaomba kitu kimoja: kila Jumamosi Nehemia aje afungue kufuli lake, ili yeye apake grisi.

"Na yule mwingine?" aliuliza mzee.

"Naye nitamwomba."

"Hutakuwa unafungua nati?"

"Baba, mimi hata kopo la dagaa hufunguliwa na Paskasi."

Mzee alicheka, na ombi likapita. Mzee Melkiori naye alikubali, kwa sharti kwamba aje mwenyewe na ufunguo wake.

Jumamosi ya kwanza Mzee Melkiori na Nehemia walisimama getini, wakaongea kupitia kwa Hilaria kana kwamba ni mkalimani.

"Mama Frida, mwambie huyo kijana afungue kwanza."

"Mama, mwambie mzee kwamba aliyefunga kwanza ndiye anayefungua kwanza."

"Wanangu," alisema Hilaria, ingawa mmoja wao alikuwa na umri wa kumzaa, "hesabuni hadi tatu mfungue pamoja. Grisi inayeyuka."

Ikawa hivyo, Jumamosi baada ya Jumamosi. Mzee Gidamanyega mwenyewe akaanza kufika, akakaa kwenye kigoda pembeni, kulinda mali yake, alisema. Mzee Melkiori akaanza kuleta karanga. Alizila peke yake mwanzoni.

Siku moja, mvua zilipokwisha, Hilaria alitaka bembea lizunguke kidogo kwa mkono ili grisi ienee. Mzee Melkiori akashika shingo ya twiga, Nehemia akashika pembe za ng'ombe, wakasukuma. Halikwenda. Wakasukuma tena hadi mishipa ikawatoka shingoni. Chuma kililia, lakini hakikusogea hata kidogo.

"Limekufa," alisema Mzee Melkiori, akahema. Uso wa Hilaria ukabadilika.

Kutoka kwenye kigoda Mzee Gidamanyega alianza kucheka. Alicheka hadi akashika mbavu.

"Nyie watu! Huyu anasukuma kwenda ziwani, huyu anasukuma kwenda mlimani! Mnasukumana nyie kwa nyie!"

Walitazamana juu ya mgongo wa kiboko, kila mmoja akiwa bado ameshika mnyama wake. Nehemia ndiye aliyeshindwa kujizuia. Mzee Melkiori naye akafuata, akacheka kwa aibu, halafu kwa raha. Waligeuka upande mmoja, wakasukuma, na bembea likazunguka, zito, likikwaruza, likapita na majani yaliyokuwa yamejisokota miguuni mwa pundamilia.

Hilaria aliona kwamba asiposema siku ile hatasema tena.

"Baba zangu, baba yangu mzazi alikuwa maskini," alianza. "Rafiki yake alimwekesha ng'ombe mmoja. Ninyi mnaijua desturi. Ng'ombe hakuwa wetu. Maziwa yalikuwa yetu. Tulikua kwa maziwa ya ng'ombe wa mtu, wala mwenyewe hakupoteza ng'ombe wake. Niwekesheni na mimi hili bembea. Nitalihamishia kwetu Maisaka, nilitunze, lizungushe watoto. Atakayeshinda kesi yenu atakuja kulichukua kwangu likiwa hai."

Mzee Gidamanyega aliitengeneza shuka yake begani. Jambo hilo lilikuwa limeingia kwenye lugha anayoijua kuliko lugha ya mikataba.

"Ng'ombe wa kuwekesha ana mwenyewe mmoja," alisema. "Nikikukuta naye nikakuuliza ni wa nani, utasema nini?"

"Nitasema ni wa wenyewe, baba. Wenyewe mnajuana."

"Na ndama?"

"Wajukuu wote, wako na wake, watapanda bure. Hao ndio ndama wenu."

"Na akifa? Mchungaji huleta ngozi ili mwenyewe aamini."

"Akifa nitawaletea kutu kwenye sahani."

Mzee Melkiori alipaliwa na karanga. Mzee Gidamanyega alimtazama akikohoa, kisha akanyoosha kiganja, na kwa mara ya kwanza Mzee Melkiori akakimiminia karanga. Kila mmoja alitoa ufunguo wake. Kesi ya nani ni mwenye bembea ipo hadi leo, na wazee hao bado hubishana kila wanapokutana, ila siku hizi hukaa chini kwanza ndipo wabishane.

Paskasi alitoa kona ya shamba iliyobaki wazi baada ya mbaazi kuvunwa. Mafundi walilifungua bembea, na siku ya kulihamisha walijitokeza watu ambao Hilaria hakuwaita: vijana wa bodaboda, akina mama wa jumuiya, hata Nehemia na ndugu zake. Mitambo mizito ilibebwa na trela la jirani. Wanyama walibebwa na watu. Msafara ulipita katikati ya mji, twiga akiwa mabegani mwa vijana wanne, na pundamilia akitangulia miguu juu.

"Jamani, mnahamisha mbuga?" aliuliza mwuza machungwa.

"Tarangire imejaa, mama!"

Kiboko alifungwa kwa kamba nyuma ya pikipiki, na mpita njia akampigia dereva kelele.

"Oya, mambo! Huyo abiria vipi?"

"Poa! Kanilipa buku, anadai chenji!"

Hilaria alitembea nyuma yao wote akirudia neno moja, asante, kwa kila aliyebeba na kila aliyepisha njia, hadi sauti ikamkauka.

Sasa zege jipya limekauka Maisaka, na mhimili umesimama. Fundi umeme amekwisha kuvuta waya. Rangi ya pundamilia bado mbichi, kwa hiyo Frida, aliyerudi likizo, ameweka miiba kuzunguka uwanja, lakini watoto wanachungulia tangu alfajiri na kuuliza swali lilelile. Mzee Melkiori amepeleka ujumbe kwamba atafika na wajukuu wake. Mzee Gidamanyega amesema wa kwake ni wengi, na lazima waanze wao.

Hilaria anawajibu wote kwa uvumilivu, mikono ikiwa na grisi hadi kwenye viwiko. Ni siku ya pili ya Krismasi, anasema, baada ya misa. Mje na nguo zenu mpya. Mvua ikinyesha tutaisubiri ikatike, halafu nitabonyeza swichi.