Kubeba Jina la Nyambura

Harufu ya maganda ya kahawa yaliyooza ilipanda kutoka kijito cha Kabiria kila mvua ilipoanza, ikaingia ndani hadi kwenye uji. Mtu aliyekisafisha kijito kile alikuwa Nyambura, jirani yetu, na hakuna aliyemtuma wala kumlipa. Aliingia matopeni na gunia lake, akaopoa takataka, akapanda mianzi ukingoni. Alipofariki, waumini wa kanisa letu walianzisha msaada wa masomo kwa jina lake, na mwaka niliomaliza darasa la saba nikachaguliwa mimi, Wairimu, binti wa fundi cherehani. Jamani, nilicheka mpaka mbavu zikauma! Nilishajiona katika shule ya bweni kule Nyeri, na baadaye nikiwahudumia abiria ndani ya ndege.

Lakini kwetu, mtoto akibeba jina la mtu, basi kwa jamaa wa mtu huyo ndiye yeye, na mimi niliyesomeshwa kwa jina la Nyambura nilihesabiwa nimelibeba. Mzee Njoroge, mume wa marehemu, akaanza kuniita "mke wangu" kwa utani ule wa wazee, na mtaa mzima ukafuata. Uwairimu wangu ukaisha. Nikitema kapi la muwa njiani, mama mboga ananidaka: "We Nyambura, leo ni wewe unatuchafulia njia?" Nikiketi kivulini napumzika: "Nyambura, mianzi imepata maji?" Hata usingizini nilibeba ndoo. Walinipenda, kweli walinipenda, na upendo wao ulikuwa nyumba isiyo na mlango wa kutokea.

Nilipoomba kikaoni kwenda Nyeri, mwenyekiti wa msaada alitabasamu. "Jina jema hung'ara gizani, binti yangu. Litatung'aria vipi ukiwa mbali? Soma hapa Riruta, jioni umwagilie." Mama akanifinya mkono, akanong'ona, "Ukipewa shibiri usichukue pima." Aliyesimama kunitetea ni Mzee Njoroge peke yake.

"Huyu mke wangu aliomba miaka mingi nimpeleke akaone Mombasa," alisema. "Nami kila mara, 'Kijito utamwachia nani?' Leo anaomba tena. Mnataka nimkatalie hata leo?"

Watu wakaangua kicheko, wakidhani ni utani wake wa kila siku. Kikao kikafungwa kwa sala.

Nikasoma Riruta, nikaishia kidato cha nne. Siku hizi nauza vitambaa katikati ya mji, na ndege naziangalia zikipita juu ya mapaa. Mianzi imenipita urefu na maji ni safi kuliko ya utoto wangu. Siwezi kusema kazi ile ilikuwa bure. Juzi nilimkuta kijitoni msichana aliyechaguliwa mwaka huu, mabega yamemshuka, wanawake ng'ambo wakimwita, "Nyambura mdogo, changamka!"

Nikaichukua ndoo yake. "Nyumbani wanakuitaje?"

"Muthoni."

"Basi nenda ukacheze, Muthoni. Leo Nyambura ni mimi."