Kiondo cha Nyuzi Nyekundu

Msuka viondo wa Mumbuni husuka mzunguko mmoja kila siku, na siku yai la uzazi linapotoka, kichomi kikamkamata chini ya tumbo upande mmoja, huingiza uzi mwekundu. Zamani nyuzi hizo zilifuatana mwezi kwa mwezi. Sasa, akiwa na miaka arobaini na saba, zimesongamana ovyo, na joto humpanda shingoni mpaka avue kitambaa. Leo, kwa hofu ya uvimbe, alienda kliniki. Picha ya tumbo ikatoka safi.

"Mama, uchungu hukuja lini?" muuguzi akamuuliza.

Msuka akakibwaga kiondo chake mezani. "Hesabu!"

Muuguzi akahesabu kwa kidole, akaruka. "Wenzangu, kujeni muone! Mama, ni hedhi inaanza kukuaga."

Msuka akapiga kigelegele, kliniki nzima ikageuka. Muuguzi akataka kukinunua kile kiondo.

"Hii siuzi. Bado haijaisha."