Tulitaka wahamiaji wasomewe Halbadiri, Masanja akasema tukae wote

Wakuu, amani iwe juu yenu. Naandika nikiwa mzima, alhamdulillah, na nitasema niliyoyaona tu, sitatia chumvi.

Nafundisha madrasa hapa Kidete. Vijana wetu wanalima vitunguu kando ya Mkondoa kwa pampu za mafuta.

Alipohamia Masanja kutoka Usukuma, na ng'ombe wake na wanawe, pampu zikaibwa. Kwenye group la WhatsApp ikawa wimbo: "Tangu waje hawa."

Wamesahau kuwa hata kabla yake tulikuwa tunalala na baiskeli ndani.

Ijumaa baada ya swala vijana wakanijia. "Sheikh, wasomee Halbadiri. Wataje kwa majina."

Kwa msioijua, ni kisomo cha kumwapiza mwizi, watu huamini atavimba tumbo. Wanazuoni wanakizozania, leo siingii huko. Niliwajibu kuwa huapizwa mwizi, hasomewi mtu kwa alikotoka.

Habari ikamfikia Masanja. Akaja barazani, kofia mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi Mkristo, lakini nisomee. Mimi na wanangu. Ila wenyeji nao wakae, kila nyumba."

Kijana mmoja akamtania: "Utavimba tumbo wewe, ng'ombe wabaki yatima!" Watu wakacheka.

Masanja akamjibu: "Basi kaa hapa karibu yangu, tuvimbe pamoja."

Kicheko kikakatika. Nikauliza, haya, nani anatangulia? Mmoja akakumbuka shamba. Mwingine ana mgonjwa. Baraza likabaki na mimi na Masanja.

Nikadhani aibu ile ingetosha.

Haikupita wiki, maksai wake wawili wa kulimia wakakatwa mapanga malishoni, mchana kweupe. Hakuna aliyeona kitu. Kijiji kizima hakuna!

Masanja akaja kuniaga, anahamia Kisanga. Nikamwombea dua. Akaniambia, "Mzee, na huko nitakuwa mgeni."

Tangu aondoke pampu zimeibwa tena. Nilitegemea watu wafumbuke macho. Juzi wamenifuata msikitini: "Sheikh, ni hawa wachoma mkaa waliokuja kutoka Mikumi. Wasomee."

Nilichojifunza ni kuwa mgeni akishapatikana, mwizi anapumua. Subira Mungu amenijalia, namshukuru. Matumaini ndiyo yananiishia.

Wakuu, kwenu kitu kikipotea mnaanza na mlango wa nani? Nijibuni kwa ukweli, nitasoma zote.